Namna ya kusoma rufaa ya kesi ya ubakaji kutoka India kabla hujaanza kushea

Zile skrinishoti za "mahakama India yamwachia mbakaji" zinapita kila mara, na chini yake watu wanamwaga hasira hadi asubuhi. Kuna siku hasira ni ya haki kabisa. Ila kuna siku ukifungua hukumu yenyewe unakuta hakuna aliyeachiwa, mtu kapewa dhamana tu akisubiri rufaa yake, au kafutiwa kosa moja kati ya matatu na yale mawili yamebaki palepale na yeye yuko ndani anahesabu miaka. Na kuna siku mtu kaachiwa kweli, alafu ukisoma ushahidi unaona kabisa jaji hakuwa na pa kushika. Ni mambo tofauti kabisa hayo, lakini kichwa cha habari kinakuwa kilekile.

Uzuri ni kwamba hukumu za India zipo wazi mtandaoni, bure, na kwa mtu aliyesoma sheria Dar wala si ngeni kihivyo. Tanzania tulikuwa tunatumia Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 mpaka tulipotunga yetu 1967, kwa hiyo ukiwakuta majaji wao wanabishana kama shahidi mmoja anatosha kumfunga mtu utadhani umekaa Mahakama ya Rufani. Na hata kama sheria hujasoma utaelewa tu, cha muhimu ujue uanzie wapi.

Anza na majina pale juu

Kesi ikiandikwa Fulani dhidi ya State of Rajasthan, aliyekata rufaa ni yule aliyetiwa hatiani. Ikigeuka ikawa State of Rajasthan dhidi ya Fulani, serikali ndo haijaridhika, manake huko chini jamaa alishinda au alipewa adhabu kiduchu. State hapo ni serikali ya jimbo, polisi na mashtaka kwao ni kazi ya majimbo. Hicho kitu kidogo tu kinakwambia nusu ya stori kabla hujasoma hata aya moja.

Neno prosecutrix utalikuta limejaa kila ukurasa, ndo yeye mwathirika huyo, hukumu za siku hizi zinamwita X au victim. Mashahidi wa serikali wanaandikwa PW1, PW2 na kuendelea, wa mshtakiwa ni DW. Chukua karatasi uandike pembeni nani ni nani, PW1 binti mwenyewe, PW4 mama yake, PW7 daktari, PW11 mpelelezi, kwa sababu jaji hatakukumbusha, ukifika ukurasa wa 30 anaandika tu "ushahidi wa PW7 unapingana na wa PW11" na wewe ushapotea.

Sasa jua uko ngazi gani. Ubakaji unasikilizwa na Mahakama ya Sessions, hiyo ni ya wilaya. Rufaa ya kwanza inaenda Mahakama Kuu, wanazo 25 nchi nzima. Juu yake ipo Mahakama ya Juu pale New Delhi. Tofauti ya hizi mbili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mahakama Kuu kwenye rufaa ya kwanza inatakiwa ipitie ushahidi wote upya, shahidi kwa shahidi, ijiridhishe yenyewe. Mahakama ya Juu mara nyingi unaingia kwa kuomba ruhusa maalum chini ya Ibara ya 136 ya katiba yao, na ikikataa ombi lako kwa mstari mmoja haina maana imekubaliana na kila neno la huko chini, imekataa tu kuisikiliza. Kwa hiyo ukiona "Mahakama ya Juu yatupa rufaa" angalia kwanza kama walisikiliza kweli au walifunga mlango.

Kuachiwa huru au kusimamishiwa adhabu?

Hapa ndo wengi wanaliwa. Mtu akishatiwa hatiani na kukata rufaa anaweza kuomba adhabu isimamishwe atoke kwa dhamana mpaka rufaa iishe. Zamani ilikuwa kifungu cha 389 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya 1973, sasa hivi ni 430 kwenye ile mpya wanayoita BNSS. Adhabu ikiwa kuanzia miaka 10 kwenda juu mwendesha mashtaka lazima apewe nafasi ya kupinga kwanza. Akikubaliwa, anatoka, lakini bado ana hatia. Hati inaonekana fupi, kurasa tatu nne, haina uchambuzi wa ushahidi. Ukiona kitu kifupi hivyo alafu gazeti linasema "aachiwa", shtuka.

Kuna jambo lingine linachanganya. Mrufani mwenyewe akikata rufaa, mahakama ile haiwezi kutumia rufaa hiyohiyo kumwongezea adhabu. Kuongeza mpaka serikali ije na rufaa yake. Kwa hiyo usishangae jaji anakemea kurasa kumi alafu mwisho anaacha miaka ileile.

Tafuta tarehe ya tukio

Tarehe ya tukio ndo inaamua sheria gani inatumika, siyo tarehe ya hukumu. Tukio la kabla ya 1 Julai 2024 linahukumiwa kwa Kanuni ya Adhabu ya 1860, vifungu vya 375 na 376 ndo ubakaji. La kuanzia siku hiyo ni kanuni mpya ya adhabu, Bharatiya Nyaya Sanhita, vifungu vya 63 na 64. Ndani ya ile ya zamani nako kuna mabonde: 2013, baada ya lile tukio la kwenye basi Delhi Desemba 2012, tafsiri ya ubakaji ikapanuliwa sana, ikaandikwa wazi kwamba mtu kutopigana siyo kukubali, na umri wa ridhaa ukapanda toka 16 mpaka 18. Kabla ya hapo jaji alikuwa na uhuru wa kushuka chini ya kiwango cha chini cha adhabu akitoa sababu maalum, mlango huo ukafungwa. Alafu 2018 kiwango cha chini kikapandishwa toka miaka 7 hadi 10, na mwathirika akiwa chini ya miaka 16 ni 20.

Ndo maana unaweza kukuta hukumu mbili zimetoka mwezi mmoja, moja imempunguzia mtu mpaka miaka minne na nyingine imekataa katakata kushuka chini ya 10, watu wanaanza kusema jaji kahongwa, kumbe tukio la kwanza ni la 2009 na la pili ni la 2019.

Mwathirika akiwa chini ya miaka 18 inaingia pia sheria ya watoto ya 2012, POCSO. Hapo ridhaa haina kazi tena, vita yote inahamia kwenye umri. Utaona mawakili wanapigania cheti cha shule, cheti cha kuzaliwa, na vikikosekana vyote ndo kipimo cha mifupa. Usipitishe macho tu kwenye kurasa za rejista ya shule ukidhani ni za kujaza, kwenye kesi nyingi rufaa nzima inasimama au inaanguka hapo.

Soma kutoka mwisho

Nenda aya ya mwisho kwanza. Pale kuna amri yenyewe: rufaa imekubaliwa, imekataliwa, imekubaliwa kwa sehemu. Hiyo "kwa sehemu" isome taratibu. Kisha rudi juu kwenye sababu za rufaa, ambazo jaji huwa anazitaja kama hoja za wakili wa mrufani, na baada ya hapo ndo uingie kwenye ushahidi ukiwa unajua unatafuta nini.

Kinachotafutwa mara nyingi ni neno la mwathirika limesimama au limeyumba. Msimamo wa India unafanana sana na wa kwetu. Sisi tuna Selemani Makumba ya 2006, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa mwathirika. Wao wana State of Punjab dhidi ya Gurmit Singh ya 1996, iliyosema neno lake likiaminika linatosha peke yake kumfunga mtu, mahakama isimchukulie kama mshiriki wa uhalifu anayehitaji kuthibitishwa na wengine. Kabla yake ilikuwepo Bharwada ya 1983 toka Gujarat kuhusu tofauti ndogondogo za maelezo, kwamba mtu aliyefanyiwa kitu kama hicho hawezi kukumbuka kila kitu kama mkanda wa video. Upande wa pili mawakili wa utetezi wanaipenda Rai Sandeep ya 2012 ya Delhi, inayotaka shahidi wa namna hiyo awe wa kiwango cha juu kabisa, simulizi yake iwe ileile toka polisi mpaka mahakamani na ioane na ushahidi mwingine wote. Rufaa nyingi zinapigwa kati ya Gurmit Singh na Rai Sandeep. Ukijua hizo mbili tu ushajua jaji anaelekea wapi mara anapoitaja mojawapo.

Kwa hiyo fuata simulizi yake sehemu zote ilipoandikwa. Ipo ya kwanza polisi, wanaiita FIR. Ipo aliyotoa mbele ya hakimu kabla kesi haijaanza, kifungu cha 164 kwa sheria ya zamani ya mwenendo wa jinai na 183 kwa mpya. Ipo aliyomweleza daktari. Na ya mahakamani yenyewe. Wakili wa utetezi atazipanga zote nne atafute panapopishana. Kazi yako msomaji ni kuuliza hicho kilichopishana kina uzito gani. Polisi kasema saa mbili usiku, mahakamani kasema saa tatu, hiyo si kitu. Polisi hakutaja kabisa mtu wa pili alafu mahakamani kamtaja, hiyo jaji ataikalia.

Kuchelewa kuripoti peke yake hakuiui kesi, mahakama zao zimeshasema mara nyingi familia inaweza kukaa siku kadhaa ikifikiria aibu ya kijiji. Ila serikali inatakiwa ieleze kwa nini, ikikaa kimya ndo tatizo linaanza.

Ripoti ya daktari nayo ina mitego yake. Kukosa majeraha siyo ushahidi kwamba hakubakwa. Na ile habari ya vidole viwili, daktari kupima kama binti "amezoea", Mahakama ya Juu iliikataa 2013 kwenye Lillu dhidi ya Haryana, na 2022 kwenye kesi ya Jharkhand ikasema atakayeendelea kuifanya ana hatia ya utovu wa nidhamu. Ukikuta hukumu ya Mahakama Kuu inategemea kipimo hicho, hapo una haki ya kupiga kelele. Historia ya mapenzi ya mwathirika pia haitakiwi kuulizwa kuthibitisha ridhaa. Kwenye vinasaba angalia safari ya sampuli: nani alichukua, ilikaa wapi, lakiri ilikuwa nzima, ilifika maabara baada ya siku ngapi. Sampuli iliyolala kituoni wiki kadhaa bila rejista imeshawatoa watu wengi, na hapo wa kumlaumu ni mpelelezi siyo jaji.

Maridhiano je? Unakuta wakili anasema tumeshaelewana, jamaa amemuoa, familia zimekula pamoja. Shimbhu dhidi ya Haryana ya 2013 ilisema wazi makubaliano hayawezi kuwa sababu ya kupunguza adhabu ya ubakaji. Mahakama za chini zinateleza bado, Mahakama Kuu ya Madhya Pradesh 2020 ilimpa mtu dhamana kwa sharti aende kwa mlalamikaji avishwe uzi wa udugu, rakhi, na Mahakama ya Juu ikaifuta hiyo 2021 kwenye kesi ya Aparna Bhat. Kesi za kuahidiwa ndoa ni tofauti kidogo: hapo swali ni kama alikuwa anadanganya toka siku ya kwanza au alikuwa na nia alafu mambo yakaharibika. Pramod Pawar ya 2019 ndo inayotajwa sana, na kanuni mpya ya adhabu imeliwekea kosa lake kabisa, kifungu cha 69, hadi miaka 10.

Mfano mmoja wa kuusoma wote

Chukua ile ya "ngozi kwa ngozi", kila mtu aliisikia nusu. Nagpur, mtu mzima alimpeleka mtoto wa miaka 12 nyumbani kwake kwa kisingizio cha kumpa mapera, akamshika kifua juu ya nguo. Mahakama ya chini ikampa miaka 3 chini ya POCSO. Akakata rufaa. Januari 2021 benchi la Nagpur la Mahakama Kuu ya Bombay likasema hakukuwa na kugusana ngozi kwa ngozi, kwa hiyo POCSO inaondoka, linabaki kosa la kudhalilisha mwanamke kifungu cha 354 cha Kanuni ya Adhabu ya zamani, mwaka 1. Angalia vizuri: hakuna aliyesema mtoto kadanganya. Ushahidi wake ulikubaliwa wote. Ugomvi ulikuwa neno moja la sheria linasomwaje, na hiyo ndo aina ya makosa ambayo ngazi ya juu inayarekebisha kirahisi. Siku chache tu Mahakama ya Juu ikaisimamisha, Mwanasheria Mkuu wa India mwenyewe akasimama kupinga akisema kwa tafsiri hiyo mtu akivaa glavu za daktari anaponyoka, na tarehe 18 Novemba 2021 miaka 3 ikarudishwa. Kilichotazamwa ni nia, siyo kitambaa.

Linganisha na ya Calcutta. Binti wa miaka 14 alitoka kwao akaishi na mwanaume, wakapata mtoto. Mahakama ya chini, miaka 20. Oktoba 2023 Mahakama Kuu ikamwachia huku ikiwashauri mabinti wadhibiti tamaa zao, ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Agosti 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha hatia, lakini Mei 2025 ikatumia Ibara ya 142, nguvu ambayo ni ya kwake tu, ikasema hatatumikia kifungo zaidi kwa sababu kumfunga kungemuumiza huyohuyo binti na mtoto wake. Gazeti lililoandika "hatia yarudishwa" lilikuwa sahihi, lililoandika "hafungwi" nalo sahihi.

Kama kesi ni ya mtu wako

Wapo wanafunzi wetu wengi Pune, Bangalore, Delhi, na inatokea. Iwe ndugu yako ndo ametiwa hatiani au ndo aliyefanyiwa, tarehe zinahesabika toka siku ya hukumu na kwao ni tofauti na kwetu. Kwetu Tanzania kuna notisi ya siku 10, Kenya siku 14. India kwenda Mahakama Kuu ni siku 60, ikiwa ni hukumu ya kifo siku 30. Kwenda Mahakama ya Juu ni siku 90 toka hukumu ya Mahakama Kuu. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda na unaeleza kila siku ilipotelea wapi.

Mfungwa ana haki ya nakala ya hukumu bure. Hahitaji wakili ili aanze, anaweza kumkabidhi mkuu wa gereza rufaa yake naye anaipeleka mahakamani. Wakili wa bure yupo chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 1987, na aliye kizuizini anastahili bila kuangaliwa kipato chake. Mwanamke pia anastahili bila kuangaliwa kipato, hivyohivyo mtoto. Ubalozi unaweza kumtembelea na kumtafutia orodha ya mawakili, usitegemee walipe.

Kwenye sababu za rufaa msiandike "hukumu haikuzingatia ushahidi" mkaishia hapo. Andikeni shahidi gani, ukurasa gani wa mwenendo, alisema nini, jaji akaandika nini badala yake. Ushahidi mpya inawezekana kuomba lakini mahakama haipendi, itauliza ulikuwa wapi siku zote. Kisheria toka 2018 rufaa hizi zilitakiwa ziishe ndani ya miezi 6, kiuhalisia Mahakama Kuu zimejaa na inaweza kwenda miaka, kwa hiyo ombi la kusimamisha adhabu liende pamoja na rufaa, na likikataliwa mara ya kwanza likarudishwe baadae kwa hoja ya kuchelewa, Kashmira Singh ya 1977 ipo kwa ajili hiyo. Wakili asipotokea siku ya kusikilizwa rufaa haifutwi tu hivihivi, Bani Singh ya 1996 ilishasema mahakama isome faili na iamue.

Mwathirika naye siyo mtazamaji. Anaweza kukata rufaa mwenyewe mshtakiwa akiachiwa, akitiwa hatiani kwa kosa dogo, au fidia ikiwa ndogo. Asichoweza ni kukata rufaa kwa sababu miaka ni michache, hiyo ni ya serikali peke yake, Mahakama ya Juu ilisema hivyo 2020 kwenye Parvinder Kansal. Kwa hiyo akitaka adhabu iongezwe amwandikie mwendesha mashtaka mapema, barua iwe na nakala, siku 60 zinakimbia.

Kufuatilia utahitaji ile namba ya kesi yenye herufi na tarakimu 16, wanaiita CNR, unaiweka kwenye tovuti au aplikesheni ya eCourts unaona tarehe inayofuata na amri zilizotoka. Hukumu nzima zipo judgments.ecourts.gov.in. Kesi za namna hii zingine zimefichwa majina, usihangaike kutafuta kwa jina la binti. Na ukishapata hukumu ukataka kuishea, pitia kurasa zote kwanza, wakati mwingine mahakama imesahau kufuta jina la kijiji, shule au baba yake. Kumtambulisha mwathirika kwa njia yoyote kwao ni kosa, kifungo mpaka miaka miwili, na Nipun Saxena ya 2018 ilisema hata akiwa amefariki ndugu hawawezi kujiamulia tu kulitoa jina. Futa mwenyewe kabla ya kutuma.